Nani Ana Haki ya Kusimamisha Igizo?

Mwanafunzi wa darasa la sita akiambiwa na mwalimu wake aigize mama anayemshawishi bintiye akakeketwe, ataigiza. Hataomba kuachwa, maana hajawahi kuona mtu akiomba. Ataigiza vizuri, darasa litacheka panapochekesha na kunyamaza panapohuzunisha, mwalimu atauliza "Mmejifunza nini?" na kengele italia. Kilichobaki moyoni mwa yule aliyeigiza, na moyoni mwa mwenzake wa dawati la nyuma ambaye dada yake alikeketwa likizo ya Desemba, hakina kipindi chake kwenye ratiba.

Mtu anapovaa uhusika wa mwingine, kwa mchezo au kwa mafunzo, moyo wake unalindwa na nani, na kwa njia gani? Swali hili linauhusu mkoa wa Mara kuliko linavyoonekana, kwa sababu kuanzia Musoma hadi Bunda na Butiama igizo ni chombo cha kazi. Walimu wanalitumia darasani kwa jina la igizo dhima, mbinu iliyopewa uzito tangu mtaala wa umahiri wa 2005. Wanaopinga ukeketaji na ndoa za utotoni wanalipeleka minadani na kwenye viwanja vya shule. Mbinu za kuwalinda waigizaji zipo, nyingine zimetoka mbali na nyingine tumezirithi. Ila zote zinasimama juu ya sharti moja ambalo ni gumu kutimizwa kwetu: aliye chini kabisa katika kikundi aweze kusimamisha igizo bila kuulizwa sababu, na bila kuja kulipia baadaye.

Kanuni zilizozaliwa mezani

Miongoni mwa waliolifikiria suala hili kwa undani ni watu ambao wengi wetu hatungewatarajia: wacheza michezo ya mezani. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Watu kadhaa wanaizunguka meza, kila mmoja anabeba mhusika wake, na mwendeshaji mmoja anasimulia ulimwengu wanamotembea. Mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu. Hakuna hati iliyoandikwa, kwa hiyo hakuna ajuaye tukio lijalo.

Miaka ya 1980 baadhi ya Wakristo wa Marekani waliushutumu mchezo huo kuwa ni wa kishetani. Hatari ya kweli ilikuwa ya kawaida zaidi. Mwendeshaji anaamua, kwa kutaka kunogesha, kuingiza tukio la ubakaji au la mtoto kuteswa, na mmoja wa waliokaa mezani ni mtu aliyepitia hayo. Hakuna anayejua, naye hawezi kusema bila kujianika.

Kanuni zilizobuniwa taratibu ni za makundi matatu. Za kwanza ni za kabla ya mchezo. Wachezaji hukutana wakakubaliana mambo gani hayataguswa. Ron Edwards, mtunzi wa michezo hiyo, alieleza mwaka 2003 tofauti iliyo rahisi kushika: kuna mpaka, yaani jambo ambalo halitatokea kabisa, na kuna pazia, yaani jambo linaloweza kutokea ila halionyeshwi, msimulizi anasema "usiku ule ukapita" na hadithi inaendelea. Mwaka 2019 kampuni ya Monte Cook Games ilitoa bure kijitabu chenye orodha ambayo kila mchezaji anaijaza akionyesha anachokubali, anachokubali kwa shaka na asichokitaka.

Kundi la pili ni la wakati wa mchezo. Inayojulikana zaidi ni kadi ya X ya John Stavropoulos: kadi yenye alama ya X inawekwa katikati ya meza, na yeyote akiigusa, jambo lililokuwa likisimuliwa linaondolewa. Haelezi sababu wala haulizwi. Ipo pia kanuni ya mlango wazi, kwamba mchezaji anaweza kuondoka wakati wowote bila kuhesabiwa kuwa ameharibu.

Kundi la tatu ni la baada ya mchezo. Emily Care Boss, mtunzi mwingine, alieleza mwaka 2007 jinsi hisia zinavyovuja: huzuni ya mhusika inamwingia mchezaji, na hasira ya mchezaji inamwingia mhusika. Kuvuja huko si lazima kuwe kubaya, na wengine hucheza kwa ajili yake. Kunakuwa kubaya pale mtu anaporudi nyumbani amebeba jambo lisilo lake, au lililo lake sana, bila mahali pa kulitua. Ndiyo maana vikundi vingi hukaa baada ya mchezo, wakazungumza kwa majina yao halisi.

Kanuni hizi ziliandikwa kwa watu wanaokaa mezani kama watu walio sawa, wengi wao watu wazima, waliochagua wenyewe kuja kucheza, na ambao majirani hawatajua walichoigiza. Mkoani Mara masharti hayo manne hukutana mara chache.

Joka la kubuni na shangazi wa kweli

Mezani, adui ni joka. Kwenye igizo la Butiama, adui anaweza kuwa ngariba, na ngariba huyo anaweza kuwa shangazi wa binti anayeigiza. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kitaifa ni asilimia 8. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilifanya kumkeketa aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo, likizo ndefu ya Desemba imeendelea kuwa msimu wa hofu, na mabinti hukimbilia nyumba salama, zikiwemo za shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, lililoanzishwa mwaka 2017 na Rhobi Samwelly na lenye nyumba Butiama na Mugumu, Serengeti. Rhobi mwenyewe ameeleza hadharani kwamba alikeketwa akiwa mtoto. Kwa hiyo hadhira ya igizo la namna hii ina waliopitia, wanaosubiri, waliotoroka, na waliotenda.

Sanaa ya kufundishia jamii ina historia ndefu nchini. Mwaka 1982 na 1983 wasanii na wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi Malya, Kwimba, ambako wanakijiji waliibua mimba za wasichana na vijana wasio na kazi kuwa ndiyo matatizo yao na kuyatengenezea michezo. Mwaka 1996 chuo hicho kikaanzisha Tuseme, mpango wa shule za sekondari ambamo wasichana walitaja wenyewe yanayowakwaza, wakayaigiza mbele ya wenye mamlaka, na baadaye ukaenezwa na FAWE, shirika la kutetea elimu ya wasichana, katika nchi nyingine za Afrika. Wakati huohuo mbinu za Augusto Boal wa Brazili zilikuwa zikisambaa duniani: igizo linaishia kwenye dhuluma, linarudiwa, na mtazamaji anapanda jukwaani kuchukua nafasi ya anayeonewa ili ajaribu njia nyingine.

Kazi hizo zilijali sana nani anasema. Swali la nani anaweza kunyamaza halikupata uzito huo. Katika tamthilia iliyoandikwa halina makali, kwa sababu hati yenyewe inalinda. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963; kijana anayeigiza kuuawa kwa Kaizari anajua kisu kinakuja ukurasa gani na nani anakishika, na ameshakifanyia mazoezi. Igizo la papo kwa papo linamnyima ulinzi huo. Mwenzake akianza kumfokea kama baba mlevi, hajui ufokaji utafika wapi, na mfokaji naye hajui.

Isitoshe, mtayarishaji hawezi kukisia pa kuumiza. Ataliendea suala la ukeketaji kwa tahadhari, kumbe kilichomliza mtu ni kipande kidogo cha kuchekesha kuhusu mtumbwi uliopinduka. Katika ukanda uliozika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996 na wa kivuko cha MV Nyerere kilichozama mwaka 2018, Ziwa Victoria si mandhari tu. Wengine wana kidonda cha mifugo iliyoporwa na ndugu aliyeuawa akiifuata, au cha bibi aliyeitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu. Hakuna orodha ya mada nzito inayoweza kuyamaliza haya yote. Kinachowezekana ni kumpa anayeguswa njia ya kusema "basi".

Utani ulijua nini

Kabla ya kuagiza kadi, tuangalie tulichonacho. Utani ni mchezo wa kuigiza wenye kanuni kali kuliko wengi wanavyodhani. Msukuma na Mzaramo, Mchaga na Mpare, wanatukanana mbele za watu, na aliyetukanwa hana ruhusa ya kukasirika. Msibani mtani anaweza kumwigiza marehemu, mwendo wake na ubahili wake, hata akalizuia kaburi mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yakiwatoka.

Kinachofanya ukali huo usiue ni mambo matatu. Kwanza, kila mtu anajua nani ni mtani wa nani. Mpita njia hawezi kujitwalia haki hiyo. Pili, utani unarudishwa: ninachokufanyia leo, kesho utanifanyia. Tatu, jamii nzima ipo na inaona, hivyo anayevuka kiasi anarudishwa na wengine. Hadithi za jioni nazo zina uzio wake. Msimulizi hubisha hodi kwa "Paukwa", wasikilizaji huitikia "Pakawa", na kila mmoja anajua kwamba sasa tumeingia mahali ambapo fisi anaweza kusema mambo ambayo mjomba hawezi. Fisi yule ni pazia lililotangulia kabla ya mtu yeyote kuliandika kama kanuni.

Lakini utani una mwisho wake. Ni mkataba wa watu wanaoweza kulipizana. Binti wa miaka 13 hana utani na baba yake, wala na mwalimu, wala na mzee wa mila. Ana utani na bibi yake, na hapo kuna mlango ambao watayarishaji wachache wanautumia. Mjukuu anaweza kumwambia bibi kwa mzaha jambo ambalo kama angemwambia baba angepigwa. Igizo linalomweka bibi na mjukuu jukwaani wakitaniana linaweza kusema mengi bila kumwanika mtu. Hata hivyo tusijidanganye: pale ambapo bibi ndiye anayeshikilia mila itimizwe, mzaha huo nao unafika ukingoni.

Kadi mbele ya fimbo

Tuseme mwalimu wa Bunda amesoma habari za kadi ya X, akachora moja na kuibandika ubaoni. "Yeyote asiyejisikia vizuri aje aiguse." Nani atanyanyuka? Mtoto aliyefundishwa kwamba kumkatiza mkubwa ni utovu wa adabu, katika chumba ambamo fimbo iko juu ya kabati, hatavuka darasa zima kwenda kutangaza kwamba jambo hili linamhusu. Kunyanyuka kwenyewe ni kukiri. Na jioni habari itakuwa imefika nyumbani.

Jaribio la Stanford la Agosti 1971 linaonyesha kwa kiwango kikubwa ugumu wa kusimamisha igizo ukiwa ndani yake. Mwanasaikolojia Philip Zimbardo aliwagawa vijana wa kiume kuwa wafungwa na askari magereza wa kuigiza. Lilipangwa kwa wiki mbili, likasimamishwa baada ya siku sita, askari wakiwa wameshawadhalilisha wafungwa vibaya. Mbinu za jaribio hilo zimekosolewa sana tangu hapo, na matokeo yake kuhusu tabia ya binadamu si ya kutegemea. Lakini mambo mawili yanatuhusu. Zimbardo alikuwa mtafiti na papo hapo mkuu wa gereza katika mchezo. Mwenye jukumu la kuusimamisha alikuwa amezama ndani yake. Na aliyemshtua alikuwa Christina Maslach, mwanasaikolojia kijana aliyekuja kutembelea, asiye na nafasi yoyote katika igizo.

Mwalimu anayeongoza igizo dhima yuko kwenye kiti kilekile cha Zimbardo. Ana somo la kumaliza, ana darasa la kutuliza, na mara nyingi anafurahia igizo linavyonoga. Kumtegemea yeye peke yake aone uso uliobadilika ni kumtwisha asichokiweza. Anahitajika mtu wa pili asiyeigiza wala kuongoza, ambaye kazi yake ni kutazama watu badala ya kutazama mchezo.

Je, somo lisiume?

Wapo watakaosema huku ni kulegeza. Ukeketaji hauna pazia. Binti hakupewa kadi. Igizo lisilomtia mtu uchungu halitambadilisha ngariba wala mzazi anayehesabu ng'ombe wa mahari. Hoja hii ina uzito, na wanaoisema mara nyingi ni watu waliojitoa kwa miaka mingi.

Lakini inachanganya nafasi mbili. Anayetakiwa kusumbuliwa na igizo ni mwenye nguvu aliye kwenye hadhira. Anayeumia bila kinga, kwa kawaida, ni asiye na nguvu aliye jukwaani. Boal alilitambua hili: kwake mtazamaji anapanda kuchukua nafasi ya mnyonge ili ajaribu nguvu zake, hawekwi pale aonewe kwa mara ya pili ili wengine wajifunze. Binti wa nyumba salama anayeombwa kuigiza mkasa wake mbele ya wageni waliokuja na kamera anatoa somo kwa gharama ambayo hakuna mwingine ukumbini anayeilipa. Mkasa huohuo ungeweza kuigizwa na mwenzake, katika kijiji chenye jina la kubuni, yeye akiwa mwongozaji anayesema "hapa alinyamaza, hapa alikimbia". Ukweli haupungui, na sasa yeye ndiye anayeamua nini kionyeshwe.

Kuguswa na kuumizwa vinaweza kutoa machozi yaleyale, kwa hiyo machozi si kipimo. Tuulize mambo mengine: aliingia kwa hiari? Angeweza kutoka? Alipotoka, palikuwa na mtu wa kumpokea?

Tusiwasahau wanaoigiza watu wabaya. Kwetu mwigizaji huitwa mtaani kwa jina la mhusika wake, na Musoma si mji mkubwa. Kijana aliyeigiza mbakaji kwenye uwanja wa shule anaweza kuitwa hivyo sokoni kwa miezi, na msichana aliyeigiza mke aliyeolewa na mwanamke mwenzake katika nyumba ntobhu akabaki na mizaha isiyo ya utani, kwa kuwa hana pa kuirudishia. Kuvua uhusika, basi, kufanyike mbele ya hadhira ileile: kila mwigizaji aseme jina lake, anakotoka, na jambo moja ambalo yeye na mhusika wake wanatofautiana.

Igizo linapofungua siri

Kuna wakati mchezo unaacha kuwa mchezo. Mshiriki anasema, akiwa bado ndani ya uhusika, jambo ambalo kila mtu anahisi si la kubuni. Waendeshaji wengi huahidi mwanzoni kwamba "yanayosemwa hapa yanabaki hapa". Kwa watoto ahadi hiyo haiwezi kutimizwa, wala haitakiwi kutimizwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aziripoti kwa serikali ya mtaa. Yapo madawati ya jinsia na watoto polisi, wapo maofisa ustawi wa jamii, na ipo namba 116 ya kumsaidia mtoto.

Kwa hiyo mwezeshaji aseme ukweli kabla ya kuanza: hatutasimuliana mitaani, lakini nikisikia kuwa mtoto yuko hatarini, nitamwambia mtu wa kumsaidia. Pengine wengine watanyamaza kwa sababu hiyo. Hilo ni afadhali kuliko mtoto kufunguka kwa kuamini ahadi itakayovunjwa kesho yake. Na kikundi kisichojua ofisa ustawi wa kata yake ni nani hakijawa tayari kuigiza ukatili katika kata hiyo.

Kusimamisha kuwe jambo la kawaida

Sharti la kumpa aliye chini uwezo wa kusimamisha halihitaji fedha nyingi. Siku moja kabla ya igizo, kila mshiriki aandike kwenye kikaratasi jambo moja asilotaka liigizwe, bila jina, na vikaratasi visomwe na yule mtu wa pili. Yaliyoandikwa yawe mipaka, bila kumtafuta aliyeandika. Asiye tayari kuigiza apewe kazi yenye heshima: kupiga ngoma, kutunza muda, kusimulia.

Ishara ya kusimamisha iwe ya mwili, ifanyike pale mtu alipo, na rafiki aruhusiwe kuitoa kwa niaba ya mwenzake, maana kumsemea mwenzako ni rahisi kuliko kujisemea. Kisha mwezeshaji awe wa kwanza kuitumia, kwa jambo dogo, dakika za mwanzo kabisa: "Basi. Hapa turudi nyuma kidogo." Igizo linarudi nyuma, linaendelea, hakuna aliyeaibika. Watoto wanaamini walichokiona kuliko walichoambiwa.

Mahali pa kuanzia ni vyuo vya ualimu, kikiwemo cha Bunda, ambako igizo dhima hufundishwa kama mbinu ya kuchangamsha darasa. Mwalimu mtarajiwa anafundishwa kugawa nafasi, kupanga muda na kuuliza maswali ya mwisho. Aongezewe kufundishwa jinsi ya kukatizwa na mwanafunzi bila kuona amevunjiwa heshima. Hiyo ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu inamgusa mtu mzima na si mtoto. Mashirika yanayofadhili maigizo nayo yaache kuhesabu maonyesho na watazamaji tu. Ripoti iseme pia igizo lilisimamishwa mara ngapi, na nani.

Kipimo hicho kitawashangaza wengi. Kikundi kitakachoandika kwamba kwa mwaka mzima hakuna aliyesimamisha igizo kitajisifu kuwa hakuna aliyeumia. Afadhali kiulize kwanza nani kati ya washiriki wake angethubutu, na kama jibu ni mwalimu, mratibu na mgeni kutoka Dar es Salaam, basi kanuni yao bado haijamfikia mtu iliyoandikwa kwa ajili yake.